Kilo Tano za Alkoholi

Kwa wewe uliyefungiwa samaki katika gazeti la wiki jana kabla hujalisoma, mambo yako hivi. Mimi ni Griffins Owiti, mtengenezaji wa mafuta ya kujipaka, mkazi wa Nyalenda. Nilikuwa mlevi. Mke wangu Caren alinivumilia miaka sita, mwaka wa saba akamchukua binti yetu Lornah akarudi kwa mama yake Nyamasaria. Nikaokoka. Jumapili moja, wiki saba zilizopita, nilisimama madhabahuni nikalia hadi kipaza sauti kikaloa, nikaapa kwamba sitaonja tena. Na tangu siku hiyo, kama nilivyokuandikia kila wiki, sijaonja.

Caren alikubali kurudi. Mama yake ndiye aliyetaka maandishi.

Mama mkwe wangu, Mwalimu Jacinta, alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, na alinijua vizuri. Enzi zangu ukinikataza pombe nilikuwa nasema busaa si pombe, ni uji uliochelewa. Ukinikataza busaa, nasema chang'aa ni dawa ya kifua. Kwa hiyo alipoketi kuandika mkataba wa kunirudishia mke, alikataa katakata kulitumia neno pombe.

"Pombe iko na majina mingi, na wewe unajua yote," aliniambia. "Mimi naandika alkoholi. Hiyo iko moja tu. Siku nitapata kitu inaitwa alkoholi kwa nyumba yako, ikuwe kwa chupa, ikuwe kwa jerikeni, ikuwe kwa kijiko, Caren harudi. Weka sahihi."

Niliweka sahihi. Nilikuwa na haraka ya kupata mke, sikuwa na haraka ya kusoma.

Jumamosi iliyopita, saa nane mchana, Caren na mama yake wakafika.

Kwetu Wajaluo mama mkwe haingii ovyo nyumbani kwa mkwe wake, na chumba cha kulala hata kukitupia jicho hafai. Nyumba yangu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, kwa hiyo yote ni chumba cha kulala. Nikamtolea kiti cha plastiki, akaketi uani mbele ya mlango wangu, chini ya kamba ya nguo, mkoba magotini na mkataba ndani ya mkoba. Ghafla wapangaji wote wa ploti wakakumbuka kwamba wana nguo za kufua.

Caren aliingia peke yake. Mabegi yake yalibaki nje kwa mama. Tangu aondoke alikuwa ameikanyaga nyumba ile mara moja tu, wiki tatu nyuma, alipokuja kuchukua kadi ya kliniki ya Lornah nami niko Kibuye sokoni. Siku hiyo alifungua kwa ufunguo wake, akachukua kadi, akaenda zake. Hata salamu hakuniachia.

"Umepanga rafu," alisema.

"Nimepanga maisha," nikamjibu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu hilo.

Alitabasamu kidogo. Wallahi nilihesabu meno yaliyoonekana. Yalikuwa manne.

Ndipo pikipiki ikaingia uani.

Ilikuwa ya Calvince, anayeniletea mizigo kutoka mjini. Calvince ana tabia moja mbaya: anajua kusoma, na hapendi jambo hilo libaki siri.

"Owiti! Owiti wa mafuta!" alipaza sauti akiwa bado juu ya pikipiki. "Toka uchukue alkoholi yako! Kilo tano!"

Nguo zikabaki zikidondosha maji mikononi mwa wafuaji.

Nilitoka mbio. Nilimkuta Mwalimu Jacinta ameshavaa miwani na katoni iko magotini pake, juu ya mkoba. Kulikuwa na herufi kubwa nyeusi: CETYL ALCOHOL.

"Griffins, nisomee hii neno ya pili."

"Mama, anza na ya kwanza."

"Ya kwanza siijui. Ya pili naijua, na wewe uliiwekea sahihi."

"Mama, hii si ya kunywa. Ni kitu ya kutengeneza mafuta. Ni ngumu, ni kama mshumaa. Fungua uone."

"Kwa hivyo sasa umeanza kuitafuna."

Wafuaji wakacheka. Caren alikuwa mlangoni, na yale meno manne sikuyaona tena. Kwa kweli niliogopa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya kanisa, ya kodi na ya mahari. Sikujiandaa kuelezea kemia.

Nikampigia Ridhwan wa Kaloleni, anayeniuzia vifaa, nikaiweka simu kwenye spika juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Ridhwan, ongea na mama mkwe wangu. Mwambie hii alkoholi ni nini."

"Shikamoo mama," Ridhwan akasema. "Mama, mimi ni Mwislamu. Nikiuza pombe wiki nzima, Ijumaa nitasimama wapi?"

"Marahaba. Sasa inaitwa alkoholi kwa nini?"

"Wasomi ndio wameipa hilo jina, mama. Ni ukoo mmoja, lakini ndugu hawafanani. Fikiria shanga kwa uzi. Ile ya kulewesha iko na shanga mbili tu, ni nyepesi, inaruka mpaka kwa kichwa. Hii iko na shanga kumi na sita. Ni mzito, haiendi mahali. Inatoka kwa mafuta ya mawese ama ya nazi. Ni nta, mama. Hata wake zetu wanajipaka na wanaswali."

Yalikuwa maneno mazuri. Nilimtazama mama mkwe nikidhani tumeshinda.

"Kijana, hii kitu ni wewe unaiuza?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wewe si shahidi. Wewe ni mwenye duka." Akawageukia wafuaji. "Hapa kwa ploti, nani anajua alkoholi?"

Macho yote, hata ya mama mmoja ambaye ni shemasi, yalikwenda mlango wa mwisho, kwa Adero.

Adero alitoka akijifuta mikono kwa leso.

"Mwalimu, mimi nauza mandazi tu."

"Sikuuliza unauza nini. Nimeuliza unajua nini."

Adero alinitazama, akamtazama Caren, akavuta pumzi na kupiga magoti mbele ya katoni kama daktari aliyeitwa kwa mgonjwa. Akaipasua. Ndani mlikuwa na vipande vyembamba vyeupe, vinateleza. Akachukua kimoja, akakinusa. Akakilamba, akatema.

"Hii haina harufu. Haina moto kwa ulimi."

Akaomba kizibo cha soda na kiberiti. Watu wa Nyalenda hawakuhitaji kuelezwa. Chang'aa nzuri ukiiwasha kiziboni kwa njiti moja, inatoa moto wa buluu, na hapo mnunuzi anatoa pesa. Adero akaweka kipande kiziboni, akawasha njiti. Kipande kikalegea pembeni, hakikushika moto. Akawasha ya pili. Kikayeyuka, kikakaa pale kimya, na njiti ikamchoma kidole.

"Yawa! Hii ukipelekea watu kwa matanga watakuzika wewe."

Sasa alikuwa amechangamka. Akadai glasi ya maji, akatupia kipande kingine. Kikaelea.

"Unaona, Mwalimu? Hii inakataa maji. Pombe haikatai maji. Pombe na maji ni ndugu, unachanganya nusu kwa nusu na hakuna mtu anajua. Hata mimi huwa..."

Akasita. Kutoka upande wa mabeseni, mzee mmoja aliyekuwa anafua soksi moja tangu saa nane alisema kwa uchungu, "Kumbe!"

"Huwa nasikia watu wakisema," Adero akamalizia. "Mwalimu, hii si pombe. Naapa."

Watu walipiga makofi. Nami nilikuwa karibu kupiga. Lakini Adero alipoinuka, macho yake yalipita mlangoni mwangu ulio wazi, yakapanda kwenye rafu, yakatua juu ya chupa moja ya kahawia nyuma ya nyingine, shingo yake imemeguka kidogo. Aliitambua. Akanikonyeza.

Msomaji, hapa nikuambie jambo nililokuficha wiki zote hizi.

Chupa ile ilijazwa na Adero mwenyewe. Niliinunua Jumamosi moja kabla ya ile Jumapili ya madhabahu, nikijiambia ni ya kuagana. Halafu nikaokoka, na ikawa bado iko. Nikachukua karatasi na gundi, nikaibandika jina kwa mwandiko wangu mwenyewe: GLISERINI. Nikaiweka nyuma ya gliserini ya kweli, ile ninayofanyia kazi. Usiniulize kwa nini sikuimwaga. Mtu akiuza ng'ombe wake wa pekee, kamba huwa haitupi siku ile ile.

Basi hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo. Kitu chenye jina la alkoholi kilikuwa kimeshtakiwa uani mbele ya watu, kikachomwa kwa kiberiti, kikatupwa majini, na hakikuwa na kosa. Alkoholi yenyewe ilikuwa imetulia ndani ya nyumba yangu ikijiita jina la heshima.

Mwalimu Jacinta alivua miwani.

"Nimekubali," alisema. Moyo wangu ukarudi mahali pake. "Lakini mwalimu hakubali jibu kama hajaona njia. Washa jiko. Nitengenezee hayo mafuta hapa nje nione hii alkoholi inafanya kazi gani. Miguu yangu imepasuka tangu kiangazi."

Akanyoosha mguu. Kisigino kilikuwa na nyufa za kuingia sarafu.

Niliwasha jiko kwa furaha ambayo sasa naionea aibu. Hii ndiyo kazi yangu, na naijua. Sufuria moja nikatia mafuta ya nazi, nta ya kuunganishia na konzi ya vile vipande. Sufuria ya pili nikatia maji. Nikawa naeleza kama niko kwenye maonyesho ya kilimo.

"Mama, mafuta na maji hawapendani. Ukiwaweka pamoja wanaachana mchana wa saa sita. Hii nta inawashikanisha, na hii alkoholi inakaa katikati yao kuwashikilia wasiachane. Pia inafanya mafuta yanakuwa mazito, yanateleza, na ngozi haikauki haraka. Bila yeye ungejipaka supu."

"Kumbe ni jagam," alisema mama mkwe, na alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Jagam ni mshenga kwa Kijaluo. "Na kwa hii maji unaweka nini?"

"Gliserini, Mama."

Neno lilinitoka kabla sijalizuia. Nilikumbuka papo hapo kwamba chupa ya kazi iliisha Alhamisi. Iliisha mapema mno mwezi huu, hata nikamlaumu Ridhwan kwamba amenipunja.

"Caren nyathina, lete gliserini," mama mkwe akamwita mwanawe.

"Imeisha!" nikapiga kelele.

"Iko," Caren akajibu kutoka ndani. "Nyuma ya hii tupu kuna ingine."

Niliuchukua mwiko nisijue wa nini.

"Hiyo imeharibika," nikasema. "Imekaa sana. Gliserini ikikaa sana inaharibika."

"Owiti, wacha hizo," ikasema sauti juu ya ndoo. Nilikuwa nimesahau kukata simu. "Gliserini ikifunikwa vizuri inakaa hata miaka. Unataka kuniharibia jina?"

Adero alisema mandazi yake yanaungua, akaondoka akitembea haraka. Hakukuwa na harufu yoyote ya mandazi.

Caren alitoka ameishika ile chupa kwa mikono miwili. Maji ya jikoni yalikuwa yanatoa mvuke. Kama umewahi kukaa karibu na chang'aa ikikutana na maji moto, unajua kwamba hakuna haja ya kunusa, yenyewe inakutafuta. Mwalimu Jacinta alikuwa hatua mbili kutoka kwenye sufuria, pua yake ikiwa na uzoefu wa miaka thelathini na minne wa kuwagundua wanafunzi na walimu wakuu.

Nilitaka kumwambia Caren asimwage. Nilitaka kuipiga teke sufuria nisingizie kuku. Badala yake nilisimama pale kama mlingoti na mwiko mkononi, nikamtazama mke wangu akifungua kizibo. Hakunusa. Alinitazama mimi. Akaiinamisha chupa.

Nilifumba macho.

Nilingoja harufu. Nilingoja kilio cha mama mkwe. Nilisikia jiko likitatarika na mtu akikamua nguo.

Nilipofumbua macho, Caren alikuwa bado anamimina. Chang'aa hushuka mara moja kama maji. Kilichokuwa kinatoka katika chupa ile kilishuka polepole, kizito, angavu kama kioo, kikijikunja ndani ya sufuria. Ilikuwa gliserini.

Nilikoroga kwa sababu mikono inajua kazi hata kichwa kikiwa kimepotea. Nikamimina sufuria hii juu ya ile, nikapiga kwa mwiko, na mafuta na maji yakaanza kukubaliana. Yakawa meupe, yakawa mazito, yakakaa kwenye mwiko bila kudondoka. Nikayapoza ndani ya beseni la maji. Mwalimu Jacinta akachota kwa kidole, akanusa, akavua kiatu.

"Yawa, hii ni kitu!" alisema akisugua kisigino. "Mama shemasi, kuja uone!"

Kina mama wakamzunguka. Caren akasogea karibu nami, akainama kana kwamba anasafisha sufuria.

"Ile siku nilikuja kuchukua kadi ya kliniki, niliiona," alisema polepole. "Hiyo mwandiko ni yako, lakini chupa ni ya Adero. Nikaimwaga yote kwa choo. Nikaijaza na gliserini kutoka kwa ile yako ya kazi, nikairudisha mahali yake. Nikasema, ngoja nione kama atajua."

"Sikujua, Caren."

"Najua hukujua. Wiki tatu hukuigusa. Ndio maana leo nimekuja na mabegi."

Sijui kama umewahi kusifiwa kwa kutojua kitu kilichomo nyumbani mwako. Machozi yalinijia. Wiki zote hizo nilitafuta shahidi wa kuniamini, mchungaji, wazee wa kanisa, majirani, na kumbe shahidi wangu alikuwa ujinga wangu mwenyewe. Nilitaka kumshika mkono mbele ya ploti nzima.

"Lakini kitu moja," akasema. Bado alikuwa ameinama. "Wakati niliimwaga, ilikuwa imepungua. Vidole viwili. Niambie tu. Ulikunywa kabla ya Jumapili ya madhabahu, ama baada?"

Msomaji wangu, najua nilichokuandikia wiki baada ya wiki. Nakiri sasa hivi.

Ilikuwa Jumatatu. Siku moja baada ya kile kiapo cha machozi. Nilirudi kutoka Kibuye nikainama kutafuta kiberiti chini ya kitanda, nikakuta kiatu kimoja cha Lornah, cha mguu wa kushoto, kina tope la mvua ya siku waliyoondoka. Nilikunywa vidole viwili nikiwa nimekishika. Halafu nikaifunga chupa, nikaandika GLISERINI, na tangu hapo sijaigusa. Hiyo ndiyo kweli yote.

Hakuna aliyeniona. Hata Adero hajui niliifungua lini. Nikisema "kabla," mabegi yanaingia ndani, Lornah anarudi kesho, na mama mkwe anarudi Nyamasaria na visigino laini. Kuna neno moja la kumrudisha mke wangu na kuna neno moja la kweli, na hayakuwa neno lile lile.

Caren aliinua uso. Alikuwa ameishika ile chupa tupu kifuani. Mwanamke huyu aliimwaga kwa mikono yake chupa niliyoshindwa kuimwaga mimi, akanitunzia siri wiki tatu, akaimimina mbele ya mama yake akijua mimi nakufa kwa hofu. Nisingeweza kumpa uongo hata kama ulikuwa mtamu.

"Baada," nikasema.

Nilidhani nimenong'ona. Lakini lile neno lilikuwa limebanwa kifuani kwa wiki saba, na lilitoka kwa sauti ya mtu anayeuza omena sokoni.

Kina mama wakageuka. Caren hakuondoa macho yake kwangu, na sikuweza kusoma kilichokuwemo. Kwenye kiti cha plastiki, Mwalimu Jacinta aliacha kusugua kisigino. Akajifuta vidole kwa leso kimoja kimoja, akavaa miwani, akafungua mkoba na kuutoa mkataba.

"Baada ya nini, Griffins?"